Chumba cha mbwa kifanane na ua wa Kampala

Ukiwaambia watu unataka kutengeneza chumba chenye hali ya nyumbani kwenye kituo cha mbwa waliookolewa, wengi hufikiria kochi na televisheni. Pesa zenu zitaishia hapo bure. Mbwa wanaotoka kwenye kituo ninachojitolea hapa Kampala hawaendi kulala kwenye kochi. Wanaenda kwenye ua wenye geti, sigiri barazani, kuku wa jirani na mtu anayefagia alfajiri. Familia nyingi za Kiislamu hata ndani hawamruhusu, na hilo si kosa. Mbwa azoeshwe maisha atakayoyakuta.

Chumba chetu ni kona tu ya banda iliyozungushiwa mabati. Kuna mkeka wa plastiki, kiti, jerikeni, sufuria mbili na ufagio wa njiti. Huo ufagio usiudharau. Tulikuwa na jike mmoja wa kahawia, akiuona tu anajibana ukutani na mkojo unamtoka. Sijui nani alimchapa nao. Tukauweka mbali, tukawa tunamrushia mukene, yaani dagaa, mmoja mmoja, kila siku tunausogeza kidogo, bila kumvuta kwa kamba. Mwishowe akawa anaokota mukene juu ya njiti zenyewe huku mkia unacheza.

Aingie mbwa mmoja mmoja, dakika 20 hivi zinatosha. Mtu akae kitini achambue maharage au aongee na simu, asimkodolee macho wala kumwitaita. Kwa mbwa aliyeshinda katikati ya makelele ya banda, mtu asiyemtaka kitu ni mapumziko makubwa.

Pua yake nayo ipewe kazi. Viringisha taulo kuukuu lenye mukene ndani, au tia chakula kikavu kwenye chupa ya maji, ukitoa kwanza kifuniko na ile pete yake. Msimamie, asije akameza plastiki. Mfupa uliopikwa usimpe kabisa, unapasuka vipande vyenye ncha. Redio pia inasaidia: utafiti wa Scotland uliotoka mwaka 2017 ulionyesha mbwa wa vituoni wakitulia zaidi kwa rege na roki laini. Lakini badilisha badilisha, maana wanazoea haraka.

Kochi silitaki kwa sababu nyingine pia: parvo, ugonjwa hatari wa mbwa unaoambukiza. Virusi vyake hukaa miezi mingi na sabuni peke yake haiviui. Osha uchafu kwanza, kisha mwagia jiki, kipimo 1 kwa maji vipimo 30, uache dakika 10 kabla ya kusuuza. Mkeka unavumilia hayo, sponji ya kochi haivumilii. Na mbwa mgeni asiingie kabla ya kupimwa na kuchanjwa.

Wekeni daftari mlangoni. Andikeni mlichokiona: huyu anaogopa bodaboda, yule anatulia na watoto, huyu akiona kuku anarukaruka. Mfuga kuku akilisoma atachagua mwingine palepale, badala ya kumrudisha mbwa wiki ijayo.