Wastaafu? Kwanza sikilizeni ile ya 2001

Mhariri, wiki hii mmeuliza bendi kongwe ijue lini kwamba wakati wa kustaafu umefika. Wengi watawajibu kwa kuitaja Afrigo, bendi ya Moses Matovu wa Uganda, iliyoanza 1975. Mimi nitawataja Yes, bendi ya roki ya London, maana swali hili limenichoma kwa ajili yao.

Yes walianza 1968. Mpenzi wa roki, ile ya nyimbo ndefu wanayoiita progresivu, atakutajia albamu yao Close to the Edge ya 1972 kisha anyamaze, kana kwamba baada ya hapo walienda kulima. Albamu yao Magnification ya 2001 haitaji. Mpiga kinanda wao alikuwa ameshaondoka, nao badala ya kumtafuta mwingine wakaleta okestra nzima ya fidla na ala nyingine, mpangaji wake Larry Groupé. Eti okestra ni mkongojo wa wazee! Mkongojo gani unaolisukuma gita la Steve Howe wao namna ile?

Mimi niliisikia Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, enzi zile foleni ya malori unalala nayo. Nilikuwa tanboi wa dereva mmoja wa Mombasa, mtu wa maneno machache, mwenye kaseti aliyorekodiwa na shemeji yake. Mvua ilikuwa inanyesha, chai ya mama wa pale kando imekwisha, chapati zimebaki za baridi. Ukaingia In the Presence Of, wimbo wa zaidi ya dakika 10, unaoanza na piano taratibu.

"Mzee, tuweke Lingala kidogo?"

"Tulia, kijana. Huu bado haujaanza."

Tanboi wa lori la nyuma akaja kugonga mlango, akauliza kama tumepata msiba. Mzee akamkaribisha ndani, akampa chapati, akamwambia anyamaze. Fidla zilipopanda na mwimbaji wao Jon Anderson akapanda nazo, foleni ikasogea. Nyuma honi zikalia, matusi yakaja kwa Kiswahili, Kiteso na Kiganda. Mzee hakugusa ufunguo mpaka wimbo ukaisha. Malori mawili yakatupita, mwenye mzigo akapiga simu kufoka, na yule tanboi mgeni alikuwa bado kwetu, anaomba irudiwe.

Kwa hiyo nilikaa niandike kwamba bendi isistaafu kamwe. Lakini Magnification ndiyo albamu ya mwisho ya Yes yenye sauti ya Anderson. Iliyofuata ilitoka 2011, na mwimbaji mwingine. Chris Squire, mpiga besi wao, anayeongoza kuimba Can You Imagine humo humo, alifariki 2015. Nikiyapanga hivyo naona wangeishia pale pale 2001, wakiwa bado na pumzi. Afrigo siwahesabu hapa, wao ni wa kuchezesha watu, na maadamu watu wanacheza, nani awaambie waketi? Tena za Yes za karibuni nimezisikiliza juu juu tu.

Na kijana mwenye nafasi ya albamu moja kwenye simu yake, basi, aweke ya 1972.