Poti imefunguliwa, torenti bado inajikokota

Pole ndugu. Umesema qBittorrent, programu ya kushusha torenti (faili zinazogawanywa moja kwa moja kati ya kompyuta za watu), inashusha faili kwa KB 40 kwa sekunde, video za mtandaoni zinacheza vizuri, na poti, yaani mlango ambao kompyuta za nje hupitia kukufikia, umeshaifungua kwenye ruta. Jaribu kwanza torenti ya toleo jipya la Ubuntu (mfumo endeshi wa bure wa kompyuta), ambayo ina wagawaji wengi, yaani watu wenye faili zima wanaowatumia wengine. Ikishuka kwa kasi, basi faili lako limekosa wagawaji, na hakuna mpangilio wa ruta utakaoliongezea.

Ikiwa nayo inasuasua, ingia kwenye ruta, mara nyingi kwa 192.168.1.1 au 192.168.0.1, usome IP (anwani ya mtandao) iliyoandikwa upande wa WAN, yaani upande wa intaneti. Linganisha na ile inayoonyeshwa na tovuti za kuangalia IP. Zikitofautiana, hasa ya ruta ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huenda mtoa huduma amewarundika wateja wengi nyuma ya anwani moja. Hapo utafungua poti mpaka uchoke, mtu wa nje hakufikii. Intaneti ya laini za simu mara nyingi iko hivi. Waulize watoa huduma wako kama wanatoa IP ya umma (inayofikika kutoka nje), wengi huitoza ada.

Zikifanana, hakikisha ruta haijaibadilishia kompyuta IP ya ndani, ile uliyoielekezea poti. Ifanye IP hiyo isibadilike kwenye DHCP (sehemu ya ruta inayogawa IP), na poti iruhusiwe kwa TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data.

Tena, tafadhali usiache kasi ya kupakia (kutuma data) bila kikomo! Laini ikijaa, hata taarifa za kuthibitisha ulichopokea hukwama, na upakuaji hudorora. Weka kama asilimia 80 ya uwezo wa kupakia wa laini yako.