Barua kwa mwanangu: Anne Brontë, tenzi na mlevi

Mwanangu,

Umeuliza imekuwaje Anne Brontë, mtunzi wa tenzi za kanisani, akaandika riwaya iliyojaa ulevi na uzinzi, na kama ulokole wake ulikuwa wa kweli. Ulikuwa wa kweli, na ndio uliomtuma kuandika.

Alikuwa kitinda mimba wa kasisi wa Haworth, kaskazini mwa Uingereza. Alifundisha watoto wa tajiri mmoja huko Thorp Green hadi 1845. Kaka yake Branwell, aliyefanya kazi nyumba hiyohiyo, akafukuzwa mwaka huo, akarudi kwao kuzama kwenye pombe na kasumba. Anne aliishi naye humohumo. Habari za ulevi hakuhitaji kuhadithiwa.

Riwaya yenyewe, *The Tenant of Wildfell Hall*, ilitoka 1848 kwa jina lake la kubuni, Acton Bell. Helen, mke wa mlevi, anachora picha akitumaini kuziuza amtoroshe mwanawe. Mume anasoma shajara yake, anampora funguo, kisha anatupa rangi na brashi motoni huku mke akitazama. Usisahau kwamba kwa sheria ya wakati ule, hata pesa za picha zile zingekuwa za mume. Wahakiki walikiita kitabu kichafu. Anne akajibu katika dibaji ya toleo la pili kwamba alitaka kusema kweli.

Mwaka huohuo alitunga utenzi unaoanza kwa kutuonya tusiwaamini wanaosema njia ya kupanda ni laini, tusije tukajikwaa na kuzimia. Huo bado unaimbwa. Utie kando ya riwaya, utasikia sauti ileile.

Kinachoniuma ni dada yake Charlotte. Anne alifariki Scarborough Mei 1849 kwa kifua kikuu, akiwa na miaka 29 (kaburi limeandikwa 28!). Mwaka uliofuata, Charlotte akaandika kwamba mada ya kitabu kile ilikuwa kosa tupu, na hakutaka kichapwe tena. Alimpenda mdogo wake, sibishi, lakini hapo alimziba mdomo.

Wewe soma mpaka kitandani pa yule mlevi anapokata roho. Helen, aliyeteswa naye miaka yote hiyo, anaamini kwamba Mungu hachukii chochote alichokiumba, na mwishowe ataibariki hata roho ile. Anne mwenyewe aliamini hivyo, kwamba mwishowe wote wataokolewa. Mchungaji wetu asingempa kipaza sauti.

Mama yako