Gauni la bi harusi si kipimo cha weupe

Shikamoo mwalimu. Nilipiga picha za harusi Area C, hapa Dodoma, chini ya turubai la bluu. Kwenye Lightroom, ile programu ya kuhariri picha, nikigusa gauni kwa dropa ya kuchagua kipi kihesabiwe cheupe, gauni linatakata lakini sura ya bi harusi inakuwa ya njano. Nakosea wapi?

Marahaba. Umeliamini gauni, na hili nimeshalisema mpaka nimechoka. Vitambaa vyeupe vya siku hizi hutiwa kemikali inayodaka miale ya urujuanimno na kuirudisha kama mwanga wa bluu, ndiyo maana vinang'aa vile. Ukiiambia programu kuwa bluu ile ndiyo nyeupe, itamwaga njano picha nzima. Na kama gauni limeungua kwa mwanga, pale hakuna rangi ya kupima kabisa.

Gusa kijivu. Kadi ya kijivu haina gharama ya kukufilisi. Mpe bi harusi aishike mara moja kabla hajaketi, piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), kisha kipimo hicho kinakili kwenye picha zote za pale pale.

Tatizo lako la pili ni turubai lenyewe. Juu bluu, pembeni jua la saa saba linapenya, na bwana wa video kawasha taa yake. Mizani moja ya weupe haiwezi kutosheleza mianga mitatu. Sawazisha sura kwanza, halafu bluu iliyobaki mabegani ipunguze kwa brashi, pale pale tu. Safari nyingine omba dakika kumi umtoe nje, kwenye kivuli cha ukuta. Si cha mwarobaini. Majani nayo hurusha kijani usoni.

Picha niliyotumiwa WhatsApp inaweza kurekebishwa rangi?

Omba faili la awali, tena litumwe kama dokumenti.

Kivuli kina Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) nyingi na ni cha bluu. Mbona nikiongeza namba hiyo kwenye mstari wa joto, picha inazidi njano? (Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma)

Swali zuri, la kwanza mwezi huu. Namba ile haisemi picha iweje. Inaieleza programu mwanga ulikuwaje. Mshumaa uko karibu na 1,900, balbu ya zamani 2,700 hivi, jua la mchana 5,500, kivuli 7,000 na zaidi. Ukiandika 7,500 umesema "mwanga ulikuwa wa bluu", nayo inaongeza njano kuufidia. Mstari wa pili, wa tinti, ni wa kijani na majenta. Taa za tyubu za ofisini ndizo hukulazimisha kuugusa.

Nikipiga udongo wetu mwekundu, ukiacha mizani ya weupe kwenye otomatiki unatoka wa kijivujivu. Kamera mbovu?

Kamera nzima. Otomatiki nyingi hukisia kwamba rangi zote zikichanganywa zitatoa kijivu. Sasa ipelekee Dodoma ya Oktoba, vumbi tupu kabla ya mvua: inaona wekundu, inadhani ni kosa, inaufuta. Kwenye mizani ya kamera weka alama ya jua, iache hapo. Waendao Kolo kwenye michoro ya kale ya miambani ya Kondoa, iliyo Urithi wa Dunia tangu 2006, wana balaa la upande wa pili: wanapiga kivulini chini ya miamba, picha zinarudi na ubluu, na ile michoro myekundu inafifia. Huko tumia alama ya kivuli.

Mteja anataka awe mweupe kidogo. Nivute mstari wa joto upande wa bluu?

Hapana. Utampata mtu wa rangi ya majivu, na ukutani kwake jina lako litakaa miaka. Niliwahi kukubali ombi hilo kwa picha ya familia; bibi yao alipoletewa akauliza huyu mgeni ni nani. Ngozi nyeusi iliyopigwa gizagiza huhitaji mwanga zaidi, kwa hiyo pandisha mwangaza wa sura, joto liache. Na kabla hujasema sura "imekaa vibaya", zima hali ya usiku kwenye laptopu yako, ile inayotia skrini njano. Wawili walioniletea lalamiko hili wiki iliyopita walikuwa wameiwasha.