Majibu kwa Wasomaji: Tembe za Nebraska?

SWALI: Nasikia walowezi waliohamia magharibi mwa Marekani karne ya 19 waliishi nyumba za udongo. Zilikuwa kama tembe zetu za Kigogo? – Msomaji, Bahi

JIBU: Kwa mbali tu. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa mlowezi ekari 160 akiishi hapo na kulima miaka 5, kwenye ardhi iliyotwaliwa kutoka kwa Wapawnee na wenyeji wengine. Nyanda za Nebraska na Kansas zilikuwa nyasi tupu, miti iko kandokando ya mito. Tembe inahitaji nguzo na boriti nyingi. Wao hawakuwa nazo, kwa hiyo udongo wenyewe, ulioshikwa na mizizi ya nyasi, ukawa ukuta.

Walitumia plau inayochuna udongo bila kuuvunja, ukanda wa upana wa sentimita 30 na unene wa 10 hivi. Kwa sepeto wakaukata vipande vya sentimita 60 hadi 90. Ardhi iwe na unyevu, la sivyo vipande vinameguka mkononi. Na vikatwe vile vya kujenga siku hiyo tu, maana vikilala juani vinapasuka. Vilipangwa nyasi chini, safu mbili sambamba, na kila baada ya mistari michache vikalazwa vya kukingama ili safu zishikane. Juu ya fremu ya dirisha waliacha nafasi wakaijaza matambara, kwa sababu ukuta hushuka unapokauka. Asiyeacha, kioo kilipasuka.

Ugonjwa wa nyumba hizo ni ule ule anaoujua kila aliyelala kwenye tembe masika: paa la udongo. Lilinyonya maji, likaendelea kuvuja mvua ikiwa imeshakatika, na boriti nyembamba ziliweza kuvunjika kwa uzito. Chini ya paa walitandika kitambaa kudaka udongo na nyoka.

SWALI: Kwa nini mikokoteni yao ilivutwa na maksai, si farasi? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Bei, na malisho. Maksai alishiba nyasi za njiani. Farasi alitaka nafaka, na nafaka ni mzigo. Siku nzuri walikwenda kama kilomita 24. Kilichowasumbua zaidi ni magurudumu: kwenye hewa kavu mbao zilisinyaa, pete ya chuma ikachomoka. Walipigilia kabari, au wakalaza gurudumu mtoni usiku kucha livimbe. Siku chache za jua, likalegea tena.