Wanamwigiza kila anaposimama kusoma

"Shikamoo Shangazi. Mwanangu wa darasa la nne ana kigugumizi. Akisimama kusoma wenzake wanamwigiza, na mapumziko wanamwita 'Redio Mbovu'. Kila Jumatatu tumbo linamuuma. Baba yake anamwambia apigane nao. Nifanyeje?" – Mama, Morogoro

Marahaba, mwanangu. Tumbo hilo usilipuuze. Hofu humuuma mtoto kweli. Na umwombe mumeo aache habari za kupigana. Kijana akirusha ngumi, mwalimu ataiona ngumi hiyo tu, na atakayechapwa ni wenu.

Jioni mkiwa mnachambua mchele, bila kumkazia macho, mwulize: nani huanza, wapi, nani hucheka? Msubiri amalize. Usimmalizie neno, wala usimwambie "taratibu, vuta pumzi". Akianza kujichunga ndipo hukwama zaidi. Punguza kasi ya usemi wako wewe. Akishalala, yaandike daftarini, na tarehe.

Wiki hii hii nenda na daftari hilo kwa mwalimu wa darasa, saa ambayo hana kipindi. Usimvamie getini asubuhi: watoto wakikuona, mwanao ataongezewa jina la mchongezi. Kwa kuwa kero inaanzia kwenye kusoma, omba asome pamoja na mwenzake kwa sauti moja. Wengi wenye kigugumizi hawakwami wakisoma hivyo, na darasa litamsikia akisoma vizuri. Omba pia wachokozi wasiadhibiwe mstarini kwa kutajwa jina lake, maana watalipiza njiani. Waitwe mmoja mmoja; wakiwa kundi kila mtu hucheka ili asionekane mnyonge.

Nyumbani mfanyie mazoezi ya sentensi moja: "Nina kigugumizi, ngoja nimalize." Kama herufi fulani humkwamisha, mbadilishie maneno. Aiseme mara moja, kisha aende walipo rafiki zake. Hata rafiki mmoja wa kurudi naye nyumbani ni kinga kubwa, kwa hiyo mkaribishe huyo aje kucheza kwenu Jumamosi.

Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, mwandikie mwalimu mkuu barua na ubaki na nakala. Baada yake ni afisa elimu kata. Lakini akipigwa, akinyang'anywa hela, au akisema anatamani kufa, usisubiri hata siku moja. Nenda shuleni siku hiyo hiyo, na upige 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Akitaja kufa, mpeleke na hospitali, na usimwache peke yake.