Ukienda kuona magofu ya Kanyaka, fuata maji

Jamani, kwa nyie mnaoishi Adelaide au mnaokuja kutembea Australia, msifanye kama nilivyofanya mimi. Mara ya kwanza nilienda Kanyaka, ile ranchi ya kondoo iliyoachwa huko kwenye milima ya Flinders Ranges, kama kilomita 40 hivi ukitoka mji wa Quorn kuelekea Hawker, nikaenda mwezi wa kwanza saa saba mchana na chupa moja ya maji, jua linachoma nzi wamejaa usoni, nikapiga picha kuta mbili tatu nikarudi garini kichwa kinagonga. Sikuona kitu.

Nikarudi mwezi wa saba, kule ndo baridi, ndo nikaelewa. Nilikaa mbele ya meko moja, paa hamna, majani yameota ndani, lakini mawe ya yale meko yamepangwa kwa mkono moja moja, madogo yamechomekwa kwenye nafasi za makubwa, yaani aliyejenga alijua atakufa mzee hapo.

Ranchi ilianzishwa na Hugh Proby mwaka 1852, na mwaka huohuo akafa maji kwenye kijito cha Willochra kilipofurika ghafla. Halafu ukame mkali wa miaka ya 1860 ukamaliza kondoo kama 20,000, na 1888 watu wakaondoka kabisa. Mwanzilishi aliuawa na maji, waliomfuata wakafukuzwa na ukosefu wa maji, na nikikumbuka hilo roho inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo usiishie kwenye nyumba. Shika njia ya mguu ufuate kijito mpaka kwenye lile bwawa lenye jiwe kubwa, maana Waadnyamathanha, wenyeji asilia wa milima ile, walilijua hilo bwawa miaka mingi sana kabla kondoo hajafika, na bila kuliona hutaelewa kwa nini ranchi ilijengwa pale.

Kuta usipande, chokaa imelegea, na jiwe usibebe hata dogo. Maji beba ya kutosha, mafuta jaza Quorn, na ondoka kabla giza halijaingia kwa sababu jioni kangaruu wanaruka barabarani, mmoja alinikosa kidogo tu.

Ukiwa na siku zaidi endelea kaskazini mpaka Farina, mji ulioanza 1878 wakitegemea ngano itakubali, ndo maana ukaitwa unga kwa Kilatini, ngano ikagoma. Kila majira ya baridi watu wa kujitolea wanakuja kukarabati magofu na kuwasha ile tanuri ya zamani iliyo chini ya ardhi, wanaoka mkate wanauza. Wahi asubuhi.